Kiwambo, Sumaku na Umeme Tuli: Tofauti za Hedifoni na Usikilizaji wa Fasihi Simulizi ya Sirisia

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi hedifoni za umeme tuli zinavyotofautiana na hedifoni za kawaida, kisha yanatathmini umuhimu wa tofauti hizo kwa mwanafunzi anayekusanya na kunukuu fasihi simulizi. Mfano wa nyanjani umetolewa Sirisia, katika Kaunti ya Bungoma, ambako Lubukusu huzungumzwa. Makala yanatetea hoja mbili. Kwanza, ubora wa kifaa cha kusikilizia haufidii makosa yaliyotendeka wakati wa kurekodi. Pili, Kiswahili kina uwezo wa kueleza teknolojia hii kwa maneno yake, mradi istilahi zijengwe juu ya jinsi kifaa kinavyofanya kazi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba sikio halilali njaa. Mtafiti wa fasihi simulizi ni mtu wa sikio kabla ya kuwa mtu wa kalamu. Huenda nyanjani, hurekodi, hurudi chumbani, huvaa hedifoni, kisha huanza kazi ndefu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Uchambuzi wote unaofuata, uwe wa fani, wa maudhui au wa mtindo, hutegemea maandishi hayo. Neno likisikika vibaya huandikwa vibaya. Likiandikwa vibaya huingia tasnifuni. Na likishaingia tasnifuni hunukuliwa na watafiti wengine kana kwamba ndivyo mtambaji alivyosema. Aghalabu mtambaji huyo huwa mzee, na huenda asiwepo tena wa kuulizwa.

Hata hivyo, kozi za mbinu za utafiti huzungumzia zaidi hojaji, sampuli na mahojiano kuliko chombo kinachokaa baina ya sauti ya mtambaji na sikio la mnukuzi. Wanafunzi wengi hutumia hedifoni yoyote iliyopo bila kujua inavyofanya kazi. Wengine, wakisikia kwamba zipo hedifoni za thamani kubwa zinazotumia umeme tuli, hudhani kwamba wakizipata matatizo yao yote ya unukuzi yatakwisha. Makala haya yanakusudia kuweka jambo hili wazi.

2.0 Hedifoni za Kawaida

Ili kuelewa hedifoni ya aina yoyote, yafaa kuanza na ngoma. Ngoma huwambwa ngozi. Ngozi ikipigwa hutetemeka, mtetemo wake husukuma hewa, na mawimbi ya hewa hufika sikioni yakasikika kama sauti. Kiswahili kina jina la kitu kilichowambwa: ni kiwambo. Kila hedifoni ina kiwambo chake. Tofauti iliyopo kati ya aina moja na nyingine ni namna kiwambo hicho kinavyosukumwa.

Katika hedifoni za kawaida kiwambo ni utando mwembamba wa plastiki. Nyuma ya utando huo hugundishwa koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwa umbo la pete. Koili hiyo hukaa katika mwanya mdogo wa sumaku ya kudumu. Umeme unaobeba sauti ukipita katika koili, nguvu huzuka baina ya koili na sumaku: umeme ukielekea upande mmoja koili husogea mbele, na ukigeuka koili hurudi nyuma. Kwa kuwa koili imeshikamana na utando, utando nao hulazimika kuifuata. Umeme ukigeuka mara 440 kwa sekunde, utando hutetemeka mara 440 kwa sekunde, na sikio husikia sauti ya marudio hayo.

Muundo huu una historia ndefu. Kampuni ya Beyer ya Ujerumani ilitoa hedifoni za koili, DT 48, mwaka 1937, na kanuni yake ndiyo inayotumika hadi leo katika hedifoni nyingi zinazouzwa madukani, ziwe za bei nafuu au za studio. Sababu za kudumu kwake ni dhahiri. Hedifoni hizi ni imara, hutengenezwa kwa gharama ndogo, na hutumia umeme kidogo kiasi kwamba simu ya mkononi huweza kuziendesha bila kifaa cha ziada.

Pamoja na sifa hizo, muundo huu una udhaifu wa kimaumbile. Nguvu ya kusukuma haigusi utando mzima, bali hugusa ile pete tu ambapo koili imegundishwa. Sehemu nyingine za utando hufuata kwa kuburutwa. Sauti inapokuwa ya marudio ya juu, yaani sauti nyembamba kama ya /s/, utando unaweza kupindapinda, sehemu moja ikienda mbele wakati nyingine ingali nyuma. Aidha, koili ina uzito. Kitu kizito huchelewa kuanza mwendo na huchelewa kusimama. Wahandisi hupunguza kasoro hizi kwa kubadilisha umbo la utando, malighafi yake na nguvu ya sumaku, na wamefanikiwa sana. Lakini kiini cha tatizo hakiondoki maadamu koili ipo.

3.0 Hedifoni za Umeme Tuli

Umeme tuli si jambo geni. Mtu akisugua kitana cha plastiki kwenye nywele kavu kisha akakisogeza karibu na vipande vidogo vya karatasi, vipande hivyo huruka na kunata. Hakuna sumaku wala waya. Kuna chaji iliyotuama juu ya plastiki, na chaji huvuta au kusukuma kilicho karibu nayo. Kanuni hii ndiyo iliyo ndani ya hedifoni za umeme tuli.

Ndani yake mna tabaka tatu. Katikati huwambwa utando mwembamba mno wa plastiki uliopakwa dawa inayopitisha umeme kwa shida sana. Mbele na nyuma ya utando huo huwekwa mabamba mawili ya chuma yenye matundu, ili sauti iweze kupita. Nafasi kati ya utando na kila bamba ni kama nusu milimita. Utando hutiwa chaji ya kudumu kwa volteji ya juu. Katika hedifoni za kampuni ya Stax zenye kiwango kiitwacho Pro, volteji hiyo ni volti 580. Kwa kulinganisha, umeme wa ukutani nchini Kenya ni volti 240.

Umeme unaobeba sauti haupelekwi kwenye utando, bali hupelekwa kwenye mabamba, na kwa namna ya kupingana: bamba moja likiwa chanya, jingine huwa hasi. Utando wenye chaji huvutwa na bamba moja na wakati huohuo husukumwa na la pili. Sauti inapogeuka, mabamba hubadilishana kazi. Kwa nini mabamba mawili na si moja? Kama kungekuwa na bamba moja tu, utando ungevutwa kwa nguvu isiyolingana na ukubwa wa umeme wa sauti, na matokeo yangekuwa sauti iliyopotoka. Mabamba mawili yakisaidiana, huku chaji ya utando ikibaki ileile, nguvu huwa sawia na umeme wa sauti.

Msomaji anaweza kuhofia volti 580 karibu na masikio yake. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mkondo wa umeme unaoweza kupita kwenye utando ni mdogo mno, kwani vifaa hivi huwekewa kizuizi kikubwa cha umeme kwa makusudi. Volteji ni kimo cha maji mlimani. Mkondo ni wingi wa maji yanayoshuka. Hapa kimo ni kikubwa, lakini kinachoshuka ni matone.

Kampuni ya Stax ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1938, ilianza kuuza hedifoni zake za kwanza za aina hii, SR-1, mwaka 1960. Nchini Marekani kampuni ya Koss ilifuata katika muongo huohuo. Sennheiser ya Ujerumani ilitoa Orpheus mwaka 1991 kwa idadi ndogo, na mwaka 2015 ikatangaza mrithi wake, HE 1, kwa bei ya takriban euro 50,000. Bei hiyo ni ya kupindukia, na zipo za umeme tuli zilizo nafuu zaidi, lakini inaonyesha kwamba teknolojia hii haikuwahi kuwa ya umma.

4.0 Tofauti za Kimsingi

Tofauti ya kwanza ni uzito wa kinachotetemeka. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 50 hadi 100 hivi. Utando wa hedifoni bora za umeme tuli huwa na unene wa maikroni moja au mbili tu. Utando wa plastiki wa maikroni moja na nusu una uzito sawa na tabaka la hewa lenye unene usiofika milimita mbili. Kwa maneno mengine, kinachosukuma hewa kinakaribia kuwa chepesi kama hewa yenyewe. Huanza haraka na hutulia haraka.

Tofauti ya pili ni mahali nguvu inapogusa. Katika hedifoni za kawaida nguvu hugusa pete ya koili. Katika umeme tuli hugusa uso wote wa utando kwa usawa. Ni kama tofauti kati ya kuinua mkeka kwa kuushika mahali pamoja na kuuinua kwa mikono mingi chini yake. Mkeka wa kwanza hulegea pembeni; wa pili huinuka ukiwa umenyooka.

Tofauti ya tatu ni mahitaji ya umeme. Hedifoni za kawaida huchomekwa moja kwa moja kwenye simu au kinasa sauti. Za umeme tuli huhitaji kikuza sauti maalumu kinachotoa volteji ya chaji na kuongeza umeme wa sauti hadi mamia ya volti. Plagi yake nayo ni ya pekee, haiingii kwenye simu. Vikuza sauti vingi vya namna hii hutegemea umeme wa ukutani.

Tofauti ya nne ni uwazi. Hedifoni nyingi za umeme tuli zimeachwa wazi kwa nyuma. Sauti ya ndani hutoka na kelele za nje huingia. Za kawaida hupatikana wazi au zilizofungwa, na zile zilizofungwa huzuia kelele kwa kiasi.

Tofauti ya tano ni uvumilivu. Vumbi na unyevu ni adui wa umeme tuli, kwa sababu huweza kuvujisha chaji au kusababisha mlio wa mchakacho. Hedifoni za koili nazo huharibika, lakini huvumilia zaidi mkoba, mvua na safari ya bodaboda.

5.0 Sikio la Mnukuzi Sirisia

Sirisia iko katika miteremko ya kusini ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda huko Lwakhakha. Lugha kuu ya wenyeji ni Lubukusu. Eneo hili ni hazina ya fasihi simulizi: nyimbo za tohara ambazo hurindima mwezi Agosti wa miaka isiyo witiri, masimulizi ya koo, nyimbo za litungu, na khuswala kumuse, yaani hotuba ya maombolezo inayotolewa na mzee mweledi baada ya mazishi.

Je, ni nini hasa kinachohitaji kusikika? Mfano mmoja watosha. Lubukusu kina kauli ya kutendea kama Kiswahili. Kitenzi lima huwa limila, na teekha, yaani pika, huwa teekhela. Lakini reeba, yaani uliza, huwa reebera. Kiambishi ni kilekile. /L/ yake hugeuka /r/ kwa kufuata /r/ iliyo katika mzizi. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina mvuto wa pekee, kwa sababu /l/ hiyohiyo imetoweka katika limia na pikia, lakini hujitokeza katika chukulia na tolea. Mnukuzi asiyesikia tofauti ya /l/ na /r/ ataandika maumbo yasiyokuwepo, na data yake itaficha kanuni ambayo wanafonolojia wameijadili kwa miaka mingi. Zaidi ya hayo, Lubukusu ni lugha ya toni na hutofautisha irabu fupi na ndefu. Katika ushairi simulizi urefu wa irabu ni sehemu ya mahadhi. Akiukosa, amekosa mizani.

Sasa tuulize: hedifoni zina mchango gani hapa? Mguso wa /r/ ni wa muda mfupi mno, sehemu ndogo tu ya sekunde. Utando mwepesi unaotulia haraka hauachi mtetemo wa sauti iliyotangulia ukafunika mguso huo. Vikwamizi kama /s/, /f/ na /kh/ hubeba nguvu nyingi katika marudio ya juu, mahali ambapo utando wa koili wa hali ya chini hupindapinda. Kwa hiyo ni kweli kwamba hedifoni za umeme tuli zinaweza kurahisisha kazi. Lakini ni kweli vilevile kwamba hedifoni nzuri za koili, zilizofungwa na kukaa vyema masikioni, hutoa sauti hizi kwa uwazi unaotosha kabisa kwa unukuzi. Lugha ya binadamu haidai kila kitu ambacho sikio lina uwezo wa kukisikia. Simu za zamani zilipitisha marudio ya hezi 300 hadi 3,400 tu, na watu walielewana, ingawa /s/ na /f/ zilichanganywa mara kwa mara.

Tatizo kubwa liko kwingine. Katika khuswala kumuse, msemaji hasimami mahali pamoja. Hutembea huku na huko uwanjani, hugeuka, hupaza sauti na kuishusha. Akiwa karibu, maikrofoni hulemewa. Akiwa mbali, sauti yake humezwa na upepo na minong'ono ya waombolezaji. Katika wimbo wa litungu, nyuzi za ala na sauti ya mwimbaji hushindana katika marudio yaleyale. Kilichopotea hapo hakirejeshwi na hedifoni yoyote. Hedifoni za euro 50,000 zitamwonyesha mnukuzi kwa uwazi zaidi jinsi rekodi ilivyo mbaya. Hali kadhalika, mnukuzi ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi /l/ na /r/ hatatibiwa na kifaa. Atahitaji mazoezi na msaada wa mzawa wa lugha.

6.0 Umeme Tuli Ulioko Mfukoni

Kuna jambo ambalo wengi hawalitambui. Ingawa hedifoni za umeme tuli ni adimu, kanuni yake imo katika mfuko wa kila mkaazi wa Sirisia mwenye simu. Maikrofoni ya simu na ya vinasa sauti vingi hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo ikiwa imegeuzwa. Katika hedifoni, umeme hutikisa utando ukatoa sauti. Katika maikrofoni, sauti hutikisa utando ulio karibu na bamba, na mabadiliko ya nafasi kati yao huzalisha umeme unaobeba sauti. E. C. Wente alibuni maikrofoni ya namna hii nchini Marekani mwaka 1916. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West wa Bell Labs walibuni aina inayotumia utando wenye chaji ya kudumu, ambayo haikuhitaji volteji kubwa ya kuutia chaji. Ugunduzi huo ndio uliowezesha maikrofoni kuwa ndogo na rahisi.

Funzo kwa mtafiti ni kwamba wepesi wa utando tayari upo upande wa kurekodi. Kinachobaki ni matumizi yake: kuisogeza maikrofoni karibu na kinywa cha mtambaji, kuivika kizuia upepo, kuchagua muda ambapo hakuna mvua juu ya mabati, na kuvaa hedifoni zilizofungwa wakati wa kurekodi ili kasoro igunduliwe mtambaji angali mbele yake. Kwa kazi hiyo ya uwanjani, hedifoni za koili ndizo zinazofaa, kwani hazihitaji umeme wa ukutani na huzuia kelele. Za umeme tuli, zikipatikana, zifae maabara ya chuo, mahali pakavu, kwa ajili ya kuhakiki sehemu zenye utata. Mgawanyo huo wa kazi ndio busara, si kushindanisha vifaa.

7.0 Suala la Istilahi

Mpaka hapa makala yametumia maneno kama kiwambo, koili na umeme tuli. Maneno haya hayakuokotwa ovyo. Katika matumizi ya kila siku, kipaza sauti hutumiwa kwa maikrofoni na pia kwa spika. Kinasa sauti ni kifaa cha kurekodi, lakini baadhi ya wazungumzaji huliita hivyo hata maikrofoni yenyewe. Hedifoni huitwa spika za masikioni, visikilizi au vipokea sauti. Mhadhiri akimwagiza mwanafunzi abebe kipaza sauti, mwanafunzi ana haki ya kuuliza: kipi?

Chanzo cha mkanganyiko huu ni kwamba istilahi zimejengwa juu ya matokeo, yaani kupaza au kunasa, badala ya utendakazi. Vigezo ambavyo Kiingi (1989) aliviweka pamoja kwa jina la PEGITOSKA hudai, miongoni mwa mengine, usahihi, iktisadi, uwazi na uwezo wa kuzalisha maneno mengine. Neno kiwambo linatimiza vigezo hivyo. Limetokana na kuwamba, kitenzi ambacho kila mtu anayejua ngoma anakijua. Kutokana nalo twapata kiwambo cha koili na kiwambo cha umeme tuli, na papo hapo msikilizaji anatambua kinachofanana na kinachotofautiana. Umeme tuli nao ni msamiati unaojulikana katika ufundishaji wa fizikia kwa Kiswahili. Mabamba yenye matundu yanaweza kuitwa mabamba-tundu. Neno hedifoni, kwa upande wake, halina ubaya. Limekwisha kuvaa silabi za Kiswahili, na ni jepesi kuliko vipokea sauti vya kichwani.

Itatambulika kwamba katika maelezo yote ya sehemu ya pili hadi ya nne, hakuna mahali ambapo Kiswahili kilishindwa. Kilichohitajika ni kuelewa kifaa kwanza, kisha kutafuta neno. Mara nyingi madai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi hutolewa na mtu ambaye hajaielewa sayansi yenyewe kwa lugha yoyote.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba hedifoni za kawaida husukuma kiwambo kwa koili na sumaku, ilhali za umeme tuli husukuma utando wenye chaji kwa mabamba mawili. Kutokana na tofauti hiyo hutokea tofauti za uzito, usawa wa nguvu, mahitaji ya umeme, uwazi, uvumilivu na bei. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, faida ya umeme tuli ni ya kweli lakini ni ya hatua ya mwisho. Haitangulii mahali pa maikrofoni, mazoezi ya sikio wala ushauri wa mzawa wa lugha.

Makala yanapendekeza mambo matatu. Idara za Kiswahili zitenge walau somo moja katika kozi ya mbinu za utafiti kwa ajili ya vifaa vya sauti. Wanafunzi wahifadhi rekodi zao asilia pamoja na manukuu, ili msikilizaji wa baadaye mwenye sikio au kifaa bora zaidi aweze kuyahakiki. Na wanaistilahi wautazame msamiati wa sauti kama mfumo mmoja, kuanzia maikrofoni hadi hedifoni. Mzee anayeswala kumuse leo huko Sirisia hatayarudia maneno yale kwa namna ileile. Anayeyanukuu ana wajibu wa kuyasikia.